Mkono wa kushoto ndio ulionunua

Waikiki, ufukwe wa watalii mjini Honolulu, Hawaii, ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne, inauzwa kila kona, sambamba na mashati ya maua, miwani ya jua na chokoleti za makadamia. Zipo za waridi, zipo za kijani, zipo zilizochorwa pomboo na minazi, na bei yake haifiki hata ya chakula cha jioni cha watu wawili. Mgeni huinunua siku ya kuondoka, akaipakia, na ikifika kwao ikawekwa juu ya kabati. Sina ugomvi na biashara hiyo. Kila mji wa watalii una vinyago vyake. Lakini anayetaka chombo cha kupiga, akapiga kwa miaka, hana budi kuyapita maduka hayo yote na kuulizia lile linalouza ukulele na kitu kingine hakuna.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi ndiyo iliyonileta Honolulu, na ukulele nimejifunzia huku huku, ukubwani, kwa kuwafuata wenzangu wa kazini ambao Ijumaa jioni hukaa chini ya mti wakapiga mpaka giza. Nilikuwa na soprano, ile ndogo kati ya saizi nne za kawaida, niliyoachiwa na jirani aliyehama. Kwa kodi za C, F na G, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ilinitosha. Baadaye sikio likakua, nikaanza kusikia kero: nyuzi zikiwa wazi zimekaa sawa, lakini kila nikipanda juu ya shingo sauti inakwenda kombo, na nikifika freti ya saba (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo) hata wimbo wa watoto unasikika kama ugomvi. Mwenzangu mmoja aliichukua, akaibana hapa na pale, akanirudishia mkononi.

"Anti, hii imeshakupa ilichonacho," akasema. "Nenda dukani."

Duka lenyewe ni chumba kimoja kirefu katika jengo la zamani, mbali na hoteli za ufukweni. Karibu na mlango kuna kipima unyevu, maana mbao nzima isiyo ya tabaka huvuta maji ya hewani ikavimba, na hewa ikikauka inasinyaa, hata kupasuka. Wenyewe wanataka kipimo kikae kati ya asilimia 45 na 55. Ukutani ukulele zimetundikwa safu kwa safu, na mwisho wa chumba ipo meza ya fundi: jiliwa dogo, tupa nyembamba kama sindano za kushonea magunia, taa ya kuinamisha, vumbi la mfupa. Harufu ni ya useremala. Mwenye duka ni mzee wa makamo ya babangu mdogo, na huku mtu mzima yeyote ni Anko au Anti, awe ndugu au asiwe, kwa hiyo hapo mtu wa pwani hana jipya la kufundishwa. Nikamwamkia, nikamwita Anko, tukaelewana.

Nilitegemea aniulize nina shilingi ngapi. Hakuniuliza. Aliuliza napigia wapi: nyumbani peke yangu, barazani na wenzangu, au jukwaani kwenye kipaza sauti. Aliuliza kama naimba huku napiga. Halafu akasema, "Lete mkono." Nikanyoosha wa kulia kama mtu anayesalimiana. Akatikisa kichwa. Wa kushoto. Akautazama vidole, akapima kwa macho kutoka cha shahada hadi kidogo, akanyamaza. Nilidhani ni mbwembwe za wauzaji. Makala hii yote ni kueleza kwa nini sasa sidhani hivyo.

Mimi nilikuwa nimeshachagua kabla sijaingia. Nilitaka koa, nilitaka tenor, saizi kubwa kuliko soprano yangu. Koa ni mti usioota penginepo duniani isipokuwa visiwa hivi, na mbao yake ikisuguliwa hutoa mawimbi ya dhahabu na hudhurungi yanayocheza kila ukiigeuza kwenye mwanga. Kwa ukoo ni ndugu wa miwati tuliyoizoea kule Njombe na Nyanda za Juu, ile ya magome ya kuchubuliwa kwa ajili ya ngozi. Zote ni akasia. Wahawaii wa kale walichonga mitumbwi yao kwa magogo ya koa. Leo magogo makubwa ni haba, na bei imefuata uhaba: ukulele ya koa kutoka kwa mtengenezaji mwenye jina hapa mjini inapita dola 1,000 bila kuona haya. Na tenor niliitaka kwa sababu ndiyo ninayowaona nayo mabingwa. Jake Shimabukuro, mpiga ukulele mzaliwa wa hapa hapa Honolulu aliyejulikana dunia nzima kupitia video moja ya mtandaoni mwaka 2006, hupiga tenor. Israel Kamakawiwoʻole, mwimbaji wa Hawaii, jitu la watu lenye sauti ya malaika, naye tenor ilikuwa ikipotelea kifuani mwake. Basi nami nikajiona.

Anko hakunibishia. Alitungua tenor ya koa, akatungua nyingine tatu, akaniambia niketi nikiwa nimempa mgongo. Akapiga kipande kilekile kwa kila moja. Nikachagua ya pili. Akazichanganya, akapiga tena. Safari hii nikachagua nyingine, na ile niliyoipenda mwanzo nikaiona nzito, imeziba. Tukarudia mpaka nikaona haya. Yeye alikuwa anacheka.

"Sikio linachoka upesi," akasema. "Na isitoshe, hapo ulipokaa si pako. Hapo pa msikilizaji."

Jambo hili ni la kweli na hakuna aliyewahi kuniambia. Sauti ya ukulele hutoka mbele, kupitia tundu na ubao wa uso, ikaenda kwa aliyekaa mkabala. Mpigaji yuko nyuma na juu yake, anasikia mabaki. Ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji hutoboa tundu la pili ubavuni, upande wa juu, ili mwenye chombo naye apate haki yake. Sasa wale wanaochagua kwa kutazama video, ambako mtu mwingine anapiga, kwa mkono mwingine, mbele ya kipaza sauti kilichowekwa vizuri, wanasikiliza nini hasa? Wanamsikiliza mpigaji. Nimetazama video hizo nyingi na nakiri zinaburudisha.

Hapo ndipo aliponisimulia habari za mafundi viziwi. Samuel Kamaka alifungua karakana yake Honolulu mwaka 1916, na familia yake inatengeneza ukulele mpaka leo, barabara ya South Street, wageni wanakaribishwa kuingia wakaona. Kamaka ndiye aliyebuni ukulele yenye umbo la nanasi, akaiandikishia haki mwaka 1928. Karakana ile imeajiri watu wasiosikia kwa miaka mingi, na wanaojua kazi wanasema walikuwa hodari mno kwenye kupunguza unene wa mbao. Uso wa ukulele ukiwa mnene hautetemeki, ukiwa mwembamba kupita kiasi nyuzi zinaukunja. Mtu wa kawaida hugonga ubao akausikiliza. Wao waliugonga wakauhisi kwa ncha za vidole, na vidole havidanganywi na kelele za mashine wala na gumzo la jirani. Chombo cha muziki kilichopimwa na mtu asiyesikia muziki! Nilikaa na jambo hilo kwa muda.

"Sasa shika," Anko akasema, "na usisikilize."

Nikashika tenor ya koa. Toka mwanzo wa shingo hadi darajani, kile kipande kinachozishika usoni, nyuzi zina urefu wao, na urefu huo ndio unaoamua freti zitaachana kiasi gani. Soprano ina kama sentimita 35, concert 38, tenor 43, baritone hufika 50. Kwenye karatasi sentimita tano ni kitu gani? Kwenye vidole ni safari. Nilijaribu kodi zangu za kila siku. Zile za freti za mwanzo zilikubali, lakini ilipofika ile inayotaka kidole cha shahada kibane huku na kidogo kifike freti ya nne kule, kidole changu kidogo kilifika kimesimama kwa ncha ya ukucha, kinatetemeka. Ningeweza kukizoesha. Watu wanazoesha. Lakini mimi napiga jioni baada ya kazi, siyo saa sita kwa siku, na kidole kisichofika raha huanza kukwepa nyimbo.

Akanipa soprano nzuri, siyo kama yangu, ya mtengenezaji wa maana. Hapa tatizo likageuka. Kodi ya D ya ukulele inataka vidole vitatu vijipange kwenye freti moja, ya pili, juu ya nyuzi tatu zilizoshikana. Kwenye soprano vidole vyangu vilibanana kama abiria wa daladala, na kimoja kila mara kikagusa uzi usio wake, ukazima. Jawabu likawa katikati: concert. D ilipata nafasi, na kidole kidogo kikafika freti ya nne bila kuomba msaada.

Kisha likaja jambo ambalo sikujua kama lipo. Concert mbili zinaweza kuwa na urefu uleule, bei ileile, na shingo tofauti kabisa. Mwanzo wa shingo, pale nyuzi zinapopita juu ya kipande cha mfupa kuelekea kwenye funguo, moja ilikuwa na upana wa milimita 35, nyingine 38. Milimita tatu zigawanye kwa nafasi tatu zilizopo kati ya nyuzi nne: kila nafasi inapata milimita moja. Milimita moja hiyo ndiyo iliyoamua. Mgongo wa shingo nao, mmoja ulikuwa wa duara kama nusu ya mpini wa jembe, mwingine umelazwa kidogo, na kidole gumba changu kilipokutana na ule uliolazwa kilitulia, hakikuuliza tena. Nilipiga bila kutazama. Nikasahau hata kama nipo dukani.

Anko akasema, "Hiyo." Alikuwa hasikilizi. Alikuwa anautazama mkono.

Ndipo nikaigeuza nikatazama imetengenezwa kwa mbao gani, nikacheka peke yangu. Mwembe. Maembe yaliletwa visiwa hivi karne ya 19, yakastawi kila ua, na mti ukizeeka au ukikatwa kupisha nyumba, mafundi huugombania. Ubao wake ni wa manjano iliyofifia, wenye michirizi myeusi pale ukungu ulipotembea ndani ya gogo kabla halijapasuliwa. Ukungu huohuo ambao seremala wa Tanga angeutupa jikoni, hapa unaongezewa bei. Kwetu mwembe ndio unaochongwa mitumbwi na ngalawa. Huku mtumbwi ni koa. Kwa hiyo nilienda kutafuta mti wa mtumbwi wao, nikatoka na mti wa mtumbwi wetu. Sitadai kwamba halikunigusa. Lakini naweka wazi kwamba shingo ndiyo iliyotangulia. Mbao niliiona baadaye, mkono ulishatoa hukumu.

Kuhusu mbao kwa jumla, nina maoni ambayo wenye koa zao hawatayapenda. Watu hubishana usiku kucha: koa ina joto, mahogani ni laini, spruce inapaza, mierezi inazungumza. Tofauti ipo, siikatai. Nimeisikia nikiwa nimempa Anko mgongo, japo nimeona pia inavyogeuka kila baada ya dakika tano. Lakini mwenye kuanza asitishwe na neno "tabaka". Ukulele ya mbao za tabaka, zile nyembamba zilizogundishwa, huvumilia unyevu na safari kuliko ya mbao nzima, na kwa mtu anayeishi mahali kipupwe cha ofisi kinakausha hewa mchana na masika inailowesha usiku, huenda ndiyo yenye akili. Ukitaka kujua ni ipi, angalia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikishuka ndani bila kukatika, ni ubao mzima. Ukiona mkate wa tabaka, ndiyo hiyo. Na yoyote iwayo, usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Gundi hulegea na daraja likang'oka, hata lingekuwa la dhahabu.

Kabla hatujafika kwenye bei, Anko aliipeleka mezani. Kwangu hapa ndipo duka la ala moja linapojitenga na duka la kila kitu. Ukulele yoyote ikitoka kiwandani, nyuzi zake huwa zimeachwa juu kidogo pale mwanzo wa shingo, kwa usalama, maana kupunguza ni rahisi na kurudishia hakuna. Uzi ukiwa juu, kila ukibana freti ya kwanza unauvuta zaidi ya haki yake, sauti inapanda, na mwanafunzi anadhani sikio lake bovu. Alinionyesha jinsi ya kupima: bana uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, tazama nafasi iliyobaki juu ya ile ya kwanza. Itoshe kupita unywele, basi. Akachukua tupa moja kwa kila uzi, maana kila mfereji una upana wake, akapitisha mara mbili tatu, akarudisha uzi, akapima, akapitisha tena. Hakuwa na haraka. Kwenye freti ya kumi na mbili aliweka rula: milimita mbili na nusu hivi toka freti hadi uzi. Halafu mtihani wa mwisho. Uzi wa A ukiwa wazi hutetemeka mara 440 kwa sekunde; freti ya kumi na mbili ipo katikati ya uzi, kwa hiyo pale lazima itoke 880, sauti ileile ya juu. Ikitoka kwenye kipimo, chombo kimekaa sawa. Ile soprano yangu ya zamani tuliipima pia, kwa kuchekesha tu. Sitataja ilitoa ngapi.

Kazi hiyo haikuwa na bei yake kwenye risiti. Imo ndani. Ukinunua kwenye sanduku la posta utaletewa mbao, nyuzi na tumaini.

Sasa bei. Mtu wa pwani haingii dukani akalipa alichoandikiwa, ni kama kumtukana muuzaji. Nikauliza bei ya mwisho. Anko akanitazama, akaniuliza kama nina kitambulisho cha Hawaii. Nikatoa. Akapunguza hapo hapo. Huku kuna desturi ya bei ya kamaʻāina, mwenyeji wa nchi, ambayo maduka na hoteli nyingi hutoa kwa wakazi ili wasilipe kama watalii. Huombi kwa ufundi wa maneno, unaonyesha kadi. Nilifurahia punguzo na nikasikitika kidogo, maana nilikuwa nimeshaandaa hotuba. Halafu ushuru wa jimbo, kama asilimia 4.7, ukarudisha sehemu ya kile nilichopata. Ilisimama kwenye dola 700 na ushei pamoja na mkoba mgumu. Ni fedha nyingi, sisemi si nyingi. Ni kama nusu ya ile tenor niliyoingia nikiitaka.

Nilimuuliza Anko biashara hii ilianzaje hapa, akanitajia Wareno, nikashangaa, maana Wareno sisi tunawajua kwa mizinga na Fort Jesus. Historia yake imeandikwa vizuri. Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag iliingia bandari ya Honolulu na zaidi ya watu 400 kutoka Madeira, kisiwa cha Wareno huko Atlantiki. Waliletwa kwa mkataba, kulima miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Katikati ya miaka ya 1880 walikuwa wameshaondoka mashambani, wana karakana zao mjini. Kichwani walikuja na machete, kigitaa cha kwao chenye nyuzi nne, na kaka yake rajão, mwenye tano. Umbo wakalichukua kwa machete. Sauti za G, C, E na A zikafuata nyuzi nne za rajão. Mbao wakatumia waliyoikuta, koa. Mfalme Kalākaua akaipenda ala hiyo, akaiingiza kwenye sherehe zake pamoja na hula, ngoma ya Kihawaii, na jambo likishaingia ikulu halihitaji tangazo. Mwaka 1915 Hawaii ikaweka banda lake kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, Wamarekani wakaipatia wazimu, na mwaka uliofuata hata Martin, watengenezaji wa magitaa wa Pennsylvania, walikuwa wanauza zao. Kamaka mwenyewe alijifunza kwa Nunes. Kwa hiyo ukiingia duka la namna hii, kuanzia yule kibarua wa miwa hadi mzee aliyeshika tupa mbele yako hakuna vizazi vingi.

Habari ya nyuzi niliikuta ngeni na ya kikwetu kwa wakati mmoja. Zamani zilikuwa za utumbo wa mnyama. Zikaja nailoni. Sasa Wataliano wa Aquila wana zao zilizotengenezwa ziige utumbo, na zipo za fluorokaboni, angavu, ambazo kwa asili ni mshipi uleule wa kuvulia samaki. Anko anavua; alinionyesha mzingo wa mshipi dukani na pakiti ya nyuzi, akaniambia nitofautishe. Sikuweza.

Uzi wa nne nao una mambo yake. Kwenye gitaa na kwenye udi, uzi ulio karibu na uso wako ndio mnene, mzito. Kwenye ukulele ya asili uzi huo ni mwembamba, G ya juu, inayozidi hata ile C inayoufuata. Ndiyo sababu ukulele inang'aa na haina kishindo. Baadhi hubadilisha wakaweka G nene, ya chini, ili wapate besi na waweze kupiga nyimbo kwa uzi mmoja mmoja kama gitaa. Anko aliniuliza nataka ipi. Nikamweleza kwamba wapiga gitaa wa rumba ya Kongo walifanya kinyume chake: waliondoa uzi wa nne mnene wa gitaa wakaweka mwembamba wa oktava ya juu, wakauita mtindo huo mi-composé, na ule mlio wa kumetameta tuliokua nao redioni ulipata hapo sehemu ya uzuri wake. Wao walikuwa na besi wakaitupa kwa makusudi. Nikabaki na G ya juu.

Wiki za kwanza nyuzi mpya zinavutika, na kila ukiishika unaikuta imeshuka. Usirudi dukani kulalamika, ni desturi yake. Kaza, piga, kaza tena. Mimi nilirudi kwa jambo jingine. Jumamosi mchana duka hufanya kanikapila, watu wanakuja na ala zao wanakaa duara, kila mmoja anatoa wimbo wengine wanaufuata. Zamu yangu ilipofika wakataka kitu cha kwetu.

Tanga tunayo taarabu yetu, ile ya Black Star na Lucky Star, iliyochukua magitaa ya umeme pale Unguja ilipobaki na udi na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kwa hiyo nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Haikuwa. Bayati na rasti, ngazi za sauti tulizozipata kwa Waarabu, zinataka zile sauti zilizokaa katikati ya freti mbili, ambazo mpiga udi huzipata kwa kusogeza kidole tu, maana udi hauna freti. Kwenye ukulele unaweza kuuvuta uzi pembeni ukapanda kidogo, lakini nyuzi za plastiki hazina utii wa chuma. Hijazi, ngazi nyingine, ndiyo iliyoniokoa. Ukianzia D, unakwenda nusu sauti hadi E bapa, kisha unaruka ule mruko mrefu hadi F kali, halafu G na A. Zote zipo kwenye freti, hakuna ya kuiba. Nikaipiga taratibu, nikarudia, wakaishika.

Waliishika upesi mno. Katika raundi ya tatu mikono ya kulia ya duara zima ilikuwa imeshaingiza mapigo yao ya hula, yale ya kuyumba, na hijazi yangu ikawa inaelea juu yake kama imezaliwa Oahu. Nikasimamisha niwaonyeshe mapigo yanavyostahili kwenda. Anko, kutoka mezani kwake, tupa mkononi, akaninyooshea kidole.

"Waache, Anti," akasema. "Wareno nao walituacha."